Nyuki wa Tanga na maneno ya babu: nimwamini nani?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mkazi wa Chumbageni hapa Tanga, na napenda kusoma historia tangu nikiwa sekondari. Babu yangu, aliyezaliwa miaka ya 1930, alikuwa akitusimulia vita vya 1914 vya Waingereza na Wajerumani hapa Tanga kama alivyoambiwa na baba yake, ambaye wakati huo alikuwa kibarua kwenye reli ya Wajerumani. Alisema wazee wa mji waliwasomea nyuki dua, nyuki wakawavamia Waingereza peke yao. Kitabu nilichoazima kinasema nyuki waliuma pande zote mbili. Sasa najiuliza, haya masimulizi ya walioona kwa macho yana faida gani ikiwa hayaaminiki? Si bora nisome wanahistoria tu nipumzike?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili kwa mkupuo mmoja, la nyuki na la babu, na kila moja lina njia yake. Nianze na nyuki, maana hao ni rahisi.

Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi la Wajerumani hapa Tanga, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa mwaka 1920. Kwa Waingereza uvumi ulikuwa umeshaenea kwamba Wajerumani waliwafundisha nyuki na kuwategea adui njiani. Lettow angeweza kuikubali hadithi hiyo, au kuinyamazia tu imwongezee sifa. Yeye anasema, kwa utani kidogo, kwamba katika dakika moja ya hatari nyuki haohao walizinyamazisha bunduki zote za rashasha za kombania yake moja. Kama kweli walifundishwa, basi mafunzo yaliwaumiza wote. Mtu akisema jambo ambalo halimfaidii yeye, mtegee sikio vizuri. Mizinga ya nyuki ilikuwa imetundikwa mitini huko kwenye mashamba na vichaka, risasi zikaichokoza, nyuki wakamwandama yeyote aliyekuwa karibu. Waingereza ndio waliokuwa wengi, tena ndio waliokuwa wakisonga mbele ndani ya vichaka hivyo, kwa hiyo hadithi ikawaganda wao.

Kitabu chako basi kimesema kweli. Lakini kimeipata wapi kweli hiyo? Kwa mtu aliyekuwepo, akaona, akaandika. Mwanahistoria aliyekaa maktabani miaka 50 au 100 baadaye hakuumwa na nyuki hata mmoja. Ukisema utawaacha mashahidi usome wanahistoria peke yao, bado utakuwa unawasoma mashahidi, ila waliochaguliwa na kukatwakatwa na mtu mwingine kabla hawajakufikia.

Hiyo ni faida ya kwanza, na si kubwa sana. Kubwa ni hii nyingine.

Vita vya Tanga kwenye vitabu vingi huenda hivi. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilifika mbele ya mji, nahodha wake akampa mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, saa moja ausalimishe. Saa ikapita, mji haukusalimishwa, na Waingereza wakapoteza muda zaidi wakitafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo. Jeshi la watu 8,000 hivi lililotoka India likateremshwa Ras Kasone. Lettow akawaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi, wote pamoja kama 1,000. Tarehe 4 wakapigana, tarehe 5 Waingereza wakarudi melini wakiacha bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi kama 600,000. Upande wao waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walizidi 800, huku wa upande wa Wajerumani waliouawa wakiwa 70 hivi. Ukimaliza ukurasa huo unaona kama kila kitu kilikuwa kimeandikwa tangu mwanzo: kulikuwa na jenerali mzembe wa Waingereza, Aitken, na kamanda mwerevu wa Wajerumani, Lettow, na mwerevu akashinda.

Sasa nenda kwenye maneno ya waliokuwepo, uangalie usiku wa tarehe 4. Mapigano yamekwisha, giza limeingia. Amri ikaeleweka vibaya, tarumbeta likapigwa, na sehemu kubwa ya kombania za Wajerumani zikaondoka mjini zikarudi kambini Kange, Kange hiyohiyo unakopandia mabasi ya mikoani. Kwa saa kadhaa mji wa Tanga ulikuwa karibu mtupu. Lettow mwenyewe anaieleza habari hiyo, na haimpendezi. Huku Ras Kasone, Waingereza walikuwa wanahesabu majeruhi na kusubiri kuvamiwa muda wowote. Walioshinda walikuwa wameuacha mji bila kukusudia, na walioshindwa walikuwa mwendo wa miguu kutoka kwenye mji usio na mlinzi, hawana habari. Lettow naye alitarajia kupambana tena asubuhi. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba vita vya Tanga vimeshakwisha.

Hicho ndicho ninachokitafuta mimi kwa shahidi. Kitabu cha historia kinaujua mwisho tangu ukurasa wa kwanza, na kila sentensi inaelekea huko. Aliyekuwepo hana mwisho. Ana usiku, ana uvumi, ana tarumbeta asilolielewa. Ukimsoma yeye ndipo unapoelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu alitoa amri ambayo leo inaonekana ya kijinga. Bila hilo, kusoma vita kunageuka kuwa kuwacheka wafu.

Tatizo ni kwamba mashahidi wengi huandika baada ya kuujua mwisho, na hapo ndipo wanapoharibika. Mfano mbaya kuliko wote tunao kwenye vita hivihivi. Ukisoma habari za Tanga kwa Kiingereza, jina utakalokutana nalo mara kwa mara ni la Richard Meinertzhagen, aliyekuwa ofisa wa upelelezi wa jeshi la Waingereza. Shajara yake ina maneno makali, vituko, mazungumzo ya ana kwa ana, dharau kwa majenerali. Inasomeka kama hadithi nzuri, na waandishi wameinukuu kupita kiasi kwa sababu hiyohiyo. Ilichapishwa mwaka 1960, miaka 46 baada ya vita. Shajara zake zilikuwa kurasa zilizopigwa chapa, za kuchomolewa na kupachikwa, kwa hiyo alichokiandika mwaka 1914 na alichokiongeza baadaye havitenganishiki kwa urahisi. Baada ya kifo chake, wataalamu wa ndege (ndio, ndege wenye mabawa, maana alikuwa bingwa wa kuwakusanya) wakagundua kwamba vielelezo kadhaa alivyodai kuvipata mwenyewe alivichukua kwenye makumbusho akavibandika vibandiko vya uongo. Mtu wa namna hiyo akikuambia nani alikuwa mwoga Tanga na nani alikuwa shujaa, utamwamini kwa lipi?

Mimi simtupi moja kwa moja. Alikuwepo kweli, na mengine aliyoyasema yanakubaliana na waliomzunguka. Ila kila anapokuwa peke yake kwenye jambo, hasa jambo linalompamba, naliweka pembeni.

Lettow naye si malaika. Yeye na Gavana Heinrich Schnee hawakuelewana: gavana hakutaka miji ya pwani ipiganiwe ikalipuliwa na manowari, Lettow alitaka kupigana. Schnee alitoa kitabu chake mwaka 1919, Lettow akafuata mwaka 1920. Ni watu wawili wa bendera moja waliorudi kwao vita vimekwisha, kila mmoja ana kesi ya kujitetea mbele ya Wajerumani wenzake. Wasome wote wawili, lakini ujue kwamba hawaandiki kwa ajili yako wewe wa Chumbageni. Hata mke wa gavana, Ada Schnee, aliandika aliyoyaona, na kitabu chake kilitoka mwaka 1918. Kwa maoni yangu wanawake huonyesha vitu ambavyo makamanda hawavioni, kama bei ya vitu, maradhi, na nani yumo ndani ya nyumba.

Tarehe ya kuandikwa basi ni jambo la kuuliza mapema. Lingine ni mahali aliposimama, na hapo tunamkaribia babu yako.

Lettow anasimulia jinsi askari walivyoletwa Tanga. Reli ya Usambara ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911. Injini zilikuwa chache, na treni moja iliweza kubeba kombania moja na mizigo yake, au mbili bila mizigo. Bila reli hiyo, mji ungechukuliwa kabla hajafika. Anawasifu wakubwa wa reli, nao ni Wajerumani. Waliolisha moto kwenye injini, waliopakia risasi, waliosimama gizani kwenye vituo kati ya Moshi na Tanga, hawamo. Si kwamba aliwachukia. Kutoka alipokuwa amesimama, wao walikuwa sehemu ya reli, kama mataruma yanayolala chini ya vyuma.

Baba wa babu yako alikuwa mmoja wa mataruma hayo. Unaona sasa kwa nini sitaki umwache?

Walioachwa namna hiyo ni wengi mno. Askari weusi waliokuwa sehemu kubwa ya jeshi la Lettow, ambao karibu kila tunalolijua juu yao limesemwa na maofisa wao. Wapagazi wa pande zote mbili, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika miaka minne ile, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Kuna askari wa Kihindi pia. Taarifa za Waingereza ziliwatupia wao lawama za Tanga, hasa kikosi cha 63 cha Palamcottah kilichokimbia. Wanaolaumu ni maofisa waliokuwa wanahitaji wa kumlaumu. Watu wale walikuwa wamesongamana melini tangu katikati ya Oktoba, kisha wakateremshwa kwenye vichaka wasivyovijua kupigana. Na katika jeshi hilohilo, wanajeshi wa Kashmir, nao ni Wahindi, waliingia mpaka ndani ya mji. Lau tungekuwa na barua moja tu ya askari wa 63 aliyoiandikia nyumbani kwao bila kukaguliwa, ningeibadilisha na shajara nzima ya Meinertzhagen.

Usidhani hatuna chetu kabisa. Martin Kayamba, Mbondei, msomi wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, alifungwa na Wajerumani wakati wa vita akishukiwa kuwaunga mkono Waingereza, pamoja na walimu wengine wa misheni. Baadaye akawa karani mkubwa wa serikali, na mwaka 1922 akaanzisha hapahapa Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, yakachapishwa mwaka 1936. Vita vyake havina Ras Kasone wala nyuki. Vina kukamatwa na kifungo. Na jihadhari naye vilevile: alikuwa akiandika chini ya Waingereza, kwa wasomaji Waingereza, akiwa mtumishi wao. Uovu wa Mjerumani angeweza kuusema kwa sauti kubwa. Wa Mwingereza je?

Kabla ya hapo yuko Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa huku kwetu, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima, pwani yetu hii, vita vya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hemedi aliishi wakati huo, kwenye mwambao huu. Hajifanyi yuko katikati: Wazungu kwake ni wavamizi, na dini imo katika kila ubeti. Kuna wanaosema utenzi si ushahidi kwa sababu una vina na mizani. Mimi sikubaliani nao. Ripoti ya ofisa nayo ina mizani yake, ila imezoeleka hatuisikii. Unachokipata kwa Hemedi, na hukipati kwenye majalada ya Berlin, ni hasira ya mtu anayeuona mji wake ukibadilishwa wenyewe.

Mlinganishe na Shaaban Robert, mwana wa Machui hapa Tanga, aliyetunga utenzi mrefu wa vita vya 1939 hata 1945. Hakuwa vitani, alikuwa karani wa serikali. Ukimsoma kutafuta yaliyotokea Ulaya utakuwa umemkosea. Msome kujua habari za vita zilivyomfikia mtu wa Tanganyika na alivyozielewa. Hilo alilishuhudia mwenyewe.

Haya, babu.

Wewe umekulia Tanga, sina haja ya kukufundisha sanadi. Tangu madrasa tunajua kwamba habari haipokelewi hivihivi. Huulizwa nani kaipokea kwa nani, walikutana wapi, na yule wa mwisho alikuwepo au alisikia tu. Fanya hivyohivyo. Wewe umepokea kwa babu, babu kwa baba yake. Je, huyo baba yake alikuwa Tanga tarehe 4 Novemba, au alikuwa kituo kingine kwenye njia ya reli? Kama alikuwa Korogwe siku hiyo, habari ya nyuki aliisikia kama sisi, na ana wenzake kwenye sanadi ambao huwajui. Lakini habari ya treni zilizojaa askari zikipita mbio kuteremka pwani aliiona, na huenda hakuna mtu mwingine aliyetuachia habari hiyo kutoka chini kwenye tuta la reli.

Halafu kuna dua. Kuhusu nyuki hainisaidii. Kuhusu watu wa mji inanisaidia sana. Wazungu wawili walipigana juu ya ardhi ambayo si ya baba zao, mmoja akashinda, na vitabu vikaandika kwamba Mjerumani ndiye aliyeulinda mji. Kumbe kwenye baraza za watu wa Tanga palikuwa na simulizi nyingine: mji ulijilinda wenyewe, kwa wazee wake. Usiisahihishe simulizi hiyo unapoiandika. Iandike ilivyo, kisha chini yake, kwa mwandiko wako, weka maelezo yako kwamba Lettow anasema hivi na hivi.

Kama wapo shangazi au ndugu wa babu walio hai, nenda sasa hivi, usingoje sikukuu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini kukusanya habari za Maji Maji kwa wazee waliokuwa vijana mwaka 1905. Walirudi na majina ya watu na vijiji, na habari za mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kwa sauti za wenyewe waliolimishwa. Wangechelewa miaka kumi wangekuta makaburi. Kwa vita vya 1914 waliokuwepo wamekwisha. Tulionao ni waliosikia kwao, na hao nao wana miaka 80 na zaidi.

Ukienda, usimuulize mzee "vita vilikuwaje", maana atakupa hadithi iliyokwisha kulainishwa kwa kurudiwa. Muulize walikula nini mwaka ule. Walilala wapi mizinga ya manowari ilipolia. Nani aliondoka na wapagazi asirudi, na mkewe alifanyaje. Fedha za Wajerumani walizokuwa nazo ziliwafaa nini baada ya Waingereza kuuchukua mji Julai 1916. Vitu hivyo vidogo watu hawavipambi, kwa sababu hawadhani kuna anayevitaka. Rekodi kwa simu, taja tarehe na waliokuwepo, na akijipinga mwenyewe usimkatize. Jumba la Urithi katika boma la zamani lina picha za enzi hizo. Piga nakala uwaonyeshe, picha humfungua mtu kuliko swali.

Kwa kusoma, mimi ningeanza na Lettow sura za Tanga, kisha Kayamba, kisha kitabu ulichoazima ukirudie. Utakiona kimekuwa kitabu kingine, kwa sababu utaanza kuona mwandishi amesimama nyuma ya nani katika kila aya. Meinertzhagen mwache mwisho, umsome jioni kwa kujifurahisha.

Na jambo moja naliomba kwako: ukijua baba wa babu alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya hapa mjini au kwenye kituo kipi, niandikie. Kama ni hapa mjini, alikuwa karibu kabisa na mapigano yenyewe, na nitakuwa na maswali mengi zaidi ya kumuulizia shangazi yako.